Kabla hamjaniambia nimrudishe Tanga

Haupiti mwezi bila kauli hii kutoka kwenye simu ya nyumbani: "Huko mko wawili tu, mrudishe mgonjwa, huku kuna watu." Anaisema wifi, anaisema shemeji mkubwa, anaisema hata jirani aliyepita kumjulia hali mama mkwe akapewa simu asalimie. Najua inatoka moyoni. Jibu langu si ndiyo wala si hapana, na kwenye simu halinitoki vizuri, ndiyo maana leo naliandika.

Mume wangu aliumia uti wa mgongo tukiwa hapa Glasgow. Hakupooza moja kwa moja. Nguvu kidogo anazo, ila misuli ya miguu haimtii: mchana inakakamaa kama ubao, usiku inaruka yenyewe mpaka goti linafika kifuani. Dawa yake ni baklofeni, ya kulegeza misuli, miligramu 20 asubuhi, mchana na usiku. Hakuanzia hapo. Alianza na miligramu 5 mara tatu, akapandishwa kidogo kidogo kila baada ya siku kadhaa. Na dawa hii kama inavyopandwa ngazi kwa ngazi, ndivyo inavyoteremkwa. Hairukwi. Hilo mlishike, nitalirudia.

Huku Scotland kuipata dawa si kazi. Tangu Aprili 2011 dawa ya cheti cha daktari hailipiwi hata senti. Mfamasia wa mtaani anatupangia vidonge vya wiki nzima kwenye kisanduku na kutuletea mlangoni. Asubuhi anakuja msaidizi kumwogesha na kumvisha, naye hatumlipi, kwa sababu tangu 2019 huduma hiyo ni bure hata kwa walio chini ya miaka 65. Nashukuru kwa yote hayo na sitaacha kushukuru. Lakini msaidizi ana nusu saa, na wagonjwa wengine wanamngoja. Akishafunga mlango, ni mimi na mume wangu hadi kesho yake.

Upweke huo niliuona vizuri siku tuliyoanguka. Misuli ilikuwa imezidi kukaza kwa wiki kadhaa, daktari akaongeza dozi. Watu hudhani kadiri mtu anavyolegea ndivyo anavyopona. Kwa mume wangu, ule ukakamavu wenyewe ndio unaomsimamisha zile sekunde chache za kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu. Dozi ilipopanda akawa anasinzia mchana kutwa, na asubuhi moja magoti yakamkunjika mikononi mwangu. Ana kilo 84. Tulikaa sakafuni wote wawili, nimemwegemeza kifuani, tukingoja gari la wagonjwa, na ukutani namsikia jirani akiosha vyombo, jirani ambaye hadi leo simjui jina. Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, ningeita mara moja tu, vijana wanne wangekuwa mlangoni.

Dozi ikarudishwa ilipokuwa. Ukaze ukabaki, na sababu hatukuiona.

Tulipokwenda Tanga likizo, jioni ya pili mama mkwe aliomba beseni la maji ya uvuguvugu amwoshe mwanawe miguu. Aliosha taratibu, kidole kimoja kimoja, huku akimsimulia habari za mtaa. Akafika kwenye dole gumba la kushoto akanyamaza. "Mkwe wangu, hebu njoo uone hapa." Kucha ilikuwa imeota ndani ya nyama, pembeni pana usaha. Mume wangu hahisi maumivu pale, lakini mwili wake ulikuwa unalalamika kwa njia nyingine, kwa kukaza misuli.

Mimi nilishafundishwa hospitalini kwamba misuli ikizidi kukaza usikimbilie dawa, tafuta kwanza kinachouudhi mwili: maambukizi ya mkojo, choo kigumu, kidonda cha kulalia, nguo inayobana, hata kucha. Mkojo nilikuwa nimepima. Ngozi ya mgongoni na makalioni nilikuwa nimeikagua. Miguu nilikuwa naivisha soksi kwa haraka ili niwahi kazini. Kucha ilipotibiwa, baada ya siku chache akalala usiku mzima. Kwa hiyo mnaposema "huku kuna watu", mimi naamini kuliko mnavyodhani. Nimeuona mkono wa mama ukigundua kilichotupita sisi sote wenye dawa na daftari.

Sasa sikilizeni upande wa pili.

Wiki ya mwisho ya safari baba mdogo akafariki. Haikuwezekana kuondoka, tukasogeza tiketi. Vidonge vyangu nilikuwa nimehesabu vya likizo tu. Nikazunguka maduka ya dawa na bajaji kutwa, nikapata karatasi moja yenye vidonge 10 vya miligramu 10. Yeye anameza 6 kwa siku. Mwenye duka mmoja alitaka kunipa dawa ya maumivu ya mgongo, akasema ni zilezile. Wifi, kwa mapenzi yake, akanishauri: "Mpumzishe na hizo dawa, zinamlegeza, mwili upate nguvu." Nilikuwa nimechoka na nina hofu, nikaanza kumpunguzia ili vidonge vifike mbali. Kosa hilo ni langu.

Vidonge vikaisha, na usiku wa pili bila dawa mwili ulimwaka moto. Miguu ikawa inapiga kitanda mfululizo, jasho linamtiririka, na macho yake yanafuata watu wanaotembea ukutani ambao sisi hatuwaoni. Mzee mmoja akasema asomewe. Sikumkataza mtu, niliomba tu dua isomwe ndani ya gari tukielekea hospitali. Daktari wa zamu, binti mdogo, alimtazama akaniuliza swali moja: "Ameacha dawa gani?" Nilipomtajia alielewa papo hapo. Akamtuliza kwa diazepamu, akaniambia baklofeni ikikatwa ghafla inaweza kuleta kifafa, hata kuua. Shemeji akaipata Dar es Salaam, akaikabidhi kwa kondakta wa basi la alfajiri, na mchana tulikuwa stendi tunaipokea.

Ndiyo maana nakataa kusema tatizo la nyumbani ni wataalamu. Yule binti alijua. Kilichokosekana ni boksi la vidonge kwenye kabati. Duka huweka kinachonunuliwa kila siku, na waliokakamaa misuli wamefichwa vyumbani, hakuna anayewahesabu kama wateja. Vijana wangapi wa bodaboda wamelala hivyo Tanzania baada ya ajali? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Natamani kitita chake, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima, kimtazame na huyu ambaye dawa kwake ni kama insulini kwa mwenye kisukari, kitu kisichokosekana hata siku moja. Na natamani huku nilipo wajifunze kwamba nusu saa haimtoshi mtu kuoshwa vidole vya miguu.

Kumrudisha moja kwa moja, basi, bado. Ila baridi ya hapa inamkaza vibaya, na Desemba tunakuja kwa miezi miwili. Nimeomba vidonge vya wiki tatu zaidi ya safari, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa na dozi, navyo nitavibeba mkononi, si kwenye begi la chini ya ndege. Shemeji ameongea na mwenye duka la dawa karibu na nyumbani, amemwachia fedha ya maboksi matatu. Wifi nimemtumia ratiba ya saa za dawa, ameibandika kwenye mlango wa friji. Mama mkwe yeye ameuliza tu tunatua lini, kisha akaniagiza mkasi mzuri wa kucha.