Cheo cha mafunzo na kazi iliyo mezani

Mtu ameajiriwa kwa cheo cha mbunifu wa mafunzo. Wiki ya kwanza anatumiwa slaidi 60 za taratibu za usalama pamoja na agizo: ziwe kwenye mfumo wa mafunzo wa kompyuta kabla ya Ijumaa, mwishoni yawepo maswali 10 ya kuchagua jibu. Hakuna aliyemwambia wafanyakazi wanakosea wapi, wala kama wanakosea kwa kutojua au kwa sababu mashine ni mbovu. Hapo hajabuni kitu. Amehamisha slaidi.

Majina ya kazi hii yamebadilika sana. Nchini Marekani, chama cha wanataaluma wake kilianza miaka ya 1940 kikiwa cha wakurugenzi wa mafunzo. Mwaka 2014 neno mafunzo likaondolewa kabisa, kikawa Association for Talent Development, yaani chama cha kukuza vipaji.

Wanaotetea majina mapya wana hoja nzito. Mwaka 1959 Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa mafunzo wa Marekani, alieleza hatua nne za kupima mafunzo: washiriki wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanatendaje wakirudi kazini, na taasisi imepata nini. Anayeitwa afisa mafunzo hutarajiwa kuishia darasani, kwenye hatua mbili za kwanza. Cheo kinachotaja utendaji humpa angalau haki ya kuuliza kuhusu mbili zilizobaki. Tena cheo ndicho kinachopanga daraja la mshahara, na sioni kwa nini mtu aone haya kulisema hilo.

Lakini jina kubwa lisilo na mamlaka linaumiza. Meneja wa ukuzaji vipaji anayeshinda akikusanya saini za mahudhurio na kurekebisha majina kwenye vyeti atakwenda kwenye usaili mahali pengine, aombwe kueleza alivyochunguza mahitaji ya mafunzo, akose la kusema, kwa kuwa hakuwahi kuruhusiwa kufanya uchunguzi huo. Kwa mwajiri hasara ni kubwa zaidi: anaamini kazi hiyo ina mwenyewe, kumbe haifanywi na yeyote. Na huku msimamizi wa zamu, ambaye cheo chake hakitaji mafunzo popote, ndiye anayesimama kando ya mgeni na kumwonyesha namna ya kuzima mashine salama. Huyo anafundisha kila siku, na hahesabiwi.

Mimi sipingi majina mapya. Ninachopinga ni kubadilisha kibao cha mlangoni na kumwachia mtu majukumu yaleyale. Nikisoma tangazo la kazi naangalia vitenzi: kuratibu, kuandaa, kutunza kumbukumbu, au kuchunguza, kushauri, kupima. Kisha kuna swali ambalo ningemshauri kila mwombaji aulize kwenye usaili: mara ya mwisho ombi la mafunzo kukataliwa kwa sababu tatizo halikuwa la mafunzo ilikuwa lini, na aliyelikataa ni nani?