Bodi moja, lenzi moja: fedha inayofuata iende wapi?

Mpiga picha wa harusi aliyeibiwa begi, au aliyeuza vifaa kulipa deni na sasa anarudi kazini, kwa kawaida huanza upya na vitu viwili: bodi ya kamera ya mtumba, tuseme Canon 6D, na lenzi ya 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni pana zaidi). Kazi ndogo ndogo anazimudu. Kichwa kinaanza kumuuma anaposhika fedha ya pili, ile inayotosha kitu kimoja tu cha maana. Akiuliza wenzake, jibu la haraka ni lenzi: bodi huchakaa, lenzi hudumu. Lipo jibu jingine lisilovutia sana, kwamba lenzi isubiri, zitangulie flashi na bodi ya pili. Kwa mtu anayeishi kwa harusi na sendofu za kumbini, hilo la pili ndilo lenye nguvu zaidi. Ila la kwanza nalo halikuzuka tu, na lina mahali pake.

Canon walianzisha maunti ya EF, yaani mdomo wa kamera unaoshika lenzi, mwaka 1987. Lenzi ya EF 85mm f/1.8 iliyotoka 1992 hadi leo inashika fokasi barabara kwenye bodi yoyote ya EOS yenye maunti hiyo, na kwa adapta inafanya kazi kwenye zile za mfululizo wa R zilizoanza 2018. Hesabu bodi ngapi zimekuja na kusahauliwa katika miaka hiyo. Lenzi nzuri ikitunzwa hupoteza thamani polepole, kwa hiyo anayeinunua leo akaiuza baada ya miaka mitatu haumii kama aliyenunua bodi. Halafu kuna mwanga wenyewe: f/1.8 hupitisha karibu mara 10 ya f/5.6. Aliyetoka kwenye zumu ndogo inayouzwa pamoja na kamera huiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Lakini mtu wetu tayari anayo f/1.8. Akiongeza 24-70mm f/2.8 atapata wepesi wa kupanua na kuvuta bila kuhama, ila kwa mwanga amerudi nyuma, maana f/2.8 hupitisha chini ya nusu ya kile alichonacho. Na ukumbini tabu si uchache wa mwanga tu, ni ubaya wake. Taa za LED za zambarau na bluu zinazunguka, uso wa bibi harusi una rangi mbili, sekunde moja baadaye una ya tatu. Mwanga wa bluu tupu hauna wekundu ndani yake, hivyo hata faili ya RAW, ile ghafi ya kamera, haina cha kurudisha. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu uhai wake mwingi uko kwenye rangi za joto. Hakuna kioo, hata cha bei ya gari, kinachotibu hilo.

Kuna pia suala la kina cha fokasi, ambalo wapenzi wa lenzi zenye apacha (tundu la mwanga) pana hulipita haraka. Kwenye fulu fremu (kamera yenye kihisi kikubwa, kama 6D), 50mm ikifunguliwa f/1.8 kwa mtu aliye mita 3, eneo lililo kali mbele na nyuma ni kama sentimita 39. Maharusi wawili bega kwa bega wanaingia. Wasimamizi waliosimama nyuma yao hawaingii, na albamu ikifunguliwa nyumbani, msimamizi mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kuuliza kwa nini yeye ana ukungu. Ukibana hadi f/4, eneo hilo linafika karibu sentimita 88 na wote wanne wako salama. Bei yake ni kwamba umepoteza mwanga mara 5 hivi, na lazima utoke mahali. ISO ya 6D, yaani usikivu wake kwa mwanga, inaweza kubeba sehemu. Iliyobaki ni ya flashi.

Flashi inayozungumzwa hapa si lazima iwe ya kampuni ya kamera. Godox TT600 inatumia betri 4 za AA na haina TTL, yaani nguvu yake unaipanga mwenyewe kwa mkono. TT685 ina TTL. V860 inatumia betri ya lithiamu, inajaa upesi zaidi, lakini bei inapanda. Anayejenga upya kwa fedha ndogo anaweza kuanza na TT600, mradi ajue mipaka yake: ikikaa juu ya kamera haiwezi kusawazika na shata (pazia la kamera) ya kasi, kwa hiyo kwenye 6D usivuke 1/180 ya sekunde, ukivuka utapata mstari mweusi ukingoni mwa picha. Pia kuna toleo lake maalumu kwa ajili ya Sony. Usichukue la kawaida ukidhani litaingia tu.

Mahali pa kuanzia kwenye ukumbi wenye dari nyeupe ya mita 3: ISO 1600, f/4, shata 1/100, flashi 1/8 ya nguvu yake ikielekezwa darini kidogo nyuma ya kichwa chako, kisha ongeza au punguza. Watu wengi huacha ISO 400 wakiogopa punje, flashi inafyatuka kwa nguvu zote, inachemka, na baada ya dakika chache inagoma katikati ya kukata keki. Kupanda kutoka 400 hadi 1600 kunakupunguzia nguvu inayohitajika hadi robo, na betri zinakwenda usiku kucha. Ile 1/100 nayo ina sababu: umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata inayolingana na mpepeso huo huepusha mistari na picha zenye mwanga usiolingana.

Kudundisha mwanga darini kuna mahali kunakoshindwa, na upande wa lenzi una haki ya kukumbusha. Dari nyeusi hairudishi kitu. Turubai lililovikwa kitambaa cha kijani hurudisha kijani, na uso wa mama mzazi unakuwa kama anaumwa. Hapo suluhisho ni triga moja (kifaa cha kufyatua flashi ikiwa mbali na kamera) na stendi: flashi inasimama kando ya jukwaa, juu ya kichwa, nyuzi 45 hivi kutoka kwa maharusi, ikipita kwenye mwavuli mweupe. Stendi iwekewe mfuko wa mchanga au chupa mbili za maji, kwa sababu wageni wanaocheza kuelekea kutunza hawaangalii miguuni. Vyote hivi, flashi, triga, stendi na mwavuli, kwa kawaida havifikii hata nusu ya bei ya 24-70mm f/2.8 ya mtumba.

Betri za AA ziwe za NiMH za kuchaji, seti tatu, yaani 12. Zile za bei poa zilizoandikwa "heavy duty" hujaza flashi polepole mno, na ukizinunua kila wiki hazina unafuu wowote.

Sasa bodi ya pili. Hoja dhidi yake ni nyepesi kueleweka: ni fedha nyingi kwa kitu ambacho huenda kisiguswe usiku mzima, na kinashuka bei kikiwa kwenye begi. Ni kweli. Lakini lenzi ikikosekana unapiga picha tofauti na ulizotaka. Bodi ikizimika hupigi kabisa, na ndoa hairudiwi. Canon wenyewe wanaipa shata ya 6D umri wa mizunguko 100,000, na ya 5D Mark III 150,000. Harusi moja na sendofu yake hula 2,000 bila kelele, kwa hiyo bodi ya mtumba iliyofika 80,000 ina kazi kumi tu mbele yake kabla ya kufika kwenye makadirio. Inaweza kuvuka kwa mbali. Inaweza pia kufa kesho.

Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea: kununua 6D ya pili, kama pacha. Bora zaidi ni bodi yenye kihisi kidogo, kwa mfano Canon 70D au 80D. Zinatumia betri za familia ile ile ya LP-E6, kadi zile zile za SD, na lenzi zile zile, ila kwa ukato wa 1.6 (kihisi kidogo hukata kingo za picha) lenzi ya 85mm inaona kama 136mm. Kanisani hilo ni jambo kubwa. Padri au mchungaji amekataza flashi, wewe umesimamishwa mita 10 kutoka madhabahuni. Ukiwa na 85mm kwenye 80D, kamera ikiwa wima, fremu inashika urefu wa mita 2.6 hivi, yaani mtu mzima na nafasi kidogo juu na chini. Kwenye 6D lenzi hiyo hiyo ingeshika zaidi ya mita 4, nusu ya picha ikiwa sakafu na maua. Kihisi kidogo kina punje nyingi zaidi kwenye ISO ya juu, hilo halikwepeki, lakini f/1.8 inafidia.

Kanisa ndilo ngome halisi ya wale wanaosema lenzi kwanza, na silaha yao ni 70-200mm f/2.8. Wana hoja. Misa ndefu, mkao usiobadilika, maharusi wanaosogea: zumu hiyo ndiyo inayofaa, na gramu 1,490 za lile toleo la pili la Canon lenye kitulizaji cha mtikisiko unazivumilia. Ikiwa kazi zako nyingi ni za kanisani, au unapiga mpira, au wanyama Serengeti ambako flashi ni mzigo tu, anza na lenzi na usisikilize haya mengine. Kwa mwenye misa mbili kwa mwezi, kukodi kunatosha.

Suala la kuhamia mirrorlesi, yaani kamera zisizo na kioo ndani kama zile za R, haliwezi kurukwa, kwa kuwa anayejenga upya hana lenzi nyingi za kumfunga, na hakuna wakati rahisi zaidi wa kuhama. Tangu 2020 Canon na Nikon hazijatoa DSLR (kamera yenye kioo ndani, kama 6D) mpya. Sony A7 III ya 2018 ina nafasi mbili za kadi, inafuata jicho yenyewe, na betri yake inakadiriwa kupiga picha 710. Shata ya kimya inapendwa kanisani, japo chini ya taa za LED inaweza kuchora mistari picha nzima. Ijaribu kabla bibi harusi hajaingia. Kinachopinga ni gharama ya lenzi, na ukweli kwamba ukiharibikiwa Ijumaa jioni, ni rahisi zaidi kumpata rafiki wa kukuazima lenzi ya EF. Anayenunua EF leo hajajifungia, kwani adapta ya Canon huzibeba vizuri kwenye R. Wa Nikon awe mwangalifu: lenzi za zamani za AF-D hazishiki fokasi zenyewe kwenye adapta ya FTZ, wala kwenye bodi za Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zake, kwa kuwa adapta hiyo na bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani.

Na kama moyo bado uko kwenye zumu, ile ya EF 24-105mm f/4L ya mwaka 2005 ipo kwa wingi kwenye mitumba na ni ya maana, gramu 670 tu. Ina ugonjwa mmoja unaojulikana: utepe wa umeme wa apacha hukatika. Muuzaji atakuonyesha picha nzuri kwa f/4, na zitakuwa nzuri kweli, maana apacha haijasogea. Weka f/8, vuta zumu toka 24 hadi 105 ukipiga kila hatua; ikiandika Err 01, mrudishie. Kisha itoe kwenye bodi, mulika tochi ya simu kutoka nyuma na utazame kwa mbele. Lenzi iliyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar bila boksi lenye silika huota kuvu, inayoonekana kama utando wa buibui pembezoni mwa kioo. Usikubali hadithi ya kwamba itafutika kwa kitambaa: ikishakula rangi ya kinga, alama hubaki, na taa za ukumbini zikipiga mbele ya lenzi ndipo utakapoziona.