Treni ya Mfano Inabeba Nini? Maoni ya Mtu wa Mtwara Anayeishi Ujerumani

Mjerumani wa kawaida, awe fundi bomba au mwalimu mstaafu, anaweza kukueleza kwa nini treni ya mizigo inasimamishwa kwenye njia ya kupishana ili ya abiria ipite, na ukimuuliza alisomea wapi mambo hayo atakujibu kwamba aliyajua kwa kucheza. Jambo hilo limenifikirisha kuliko majumba na barabara za huku, kwa sababu mimi ni mtu wa Mtwara, mji wenye kata inayoitwa Reli na usio na reli hata futi moja.

Kucheza ninakokusema ni kutengeneza reli za mfano: kujenga juu ya meza stesheni, madaraja, vijiji na milima, kisha kuendesha treni ndogo za umeme katikati yake. Kipimo kinachopendwa zaidi Ujerumani ni 1:87, ambapo kichwa cha treni chenye urefu wa zaidi ya mita 17 kinakuwa cha sentimita 20, na reli ya kawaida yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa ya milimita 16.5. Kila mwaka huko Dortmund hufanyika maonyesho makubwa ya kazi hizi, na Hamburg, ndani ya maghala ya kale ya bandari, tangu 2001 kuna jumba la reli za mfano ambalo watalii hulipangia foleni kama wanavyoyapangia foleni makumbusho ya taifa. Hata hivyo, maonyesho yanayonivutia ni yale madogo, yanayofanyika majira ya baridi katika ukumbi wa shule au wa kanisa, ambapo wanachama wa klabu huleta kazi zao kwa gari, wengine huuza kahawa na keki mlangoni, na mtoto huinuliwa na babu yake ili aone taa ya kivuko cha reli ikiwaka.

Ndani ya hobi hii kuna namna moja ambayo naiona ina akili kuliko nyingine zote, nayo ni ile ya vipande. Mtu hajengi reli nzima. Hujenga kipande kimoja cha mbao, chenye urefu wa mita moja au kupungua, ambacho ncha zake zimekatwa kwa kipimo kilichokubaliwa na wote. Chama cha FREMO, kilichoanzishwa 1981, ndicho kilichoeneza utaratibu huu Ulaya. Watu wanapokutana ukumbini hufunga vipande vyao kwa boliti, na reli iliyokuwa imetawanyika vyumbani na kwenye mabaraza ya watu wengi inakuwa njia moja inayozunguka ukumbi mzima. Hapo ndipo kazi inapoanza. Saa ya mchezo huwekwa iende kasi kuliko saa ya kweli, kila stesheni hupewa msimamizi, na kila behewa lina kadi yake inayosema limetoka wapi, limebeba nini na linakwenda kwa nani. Ukipeleka behewa la mbao kwenye stesheni isiyo na mteja wa mbao, litarudi tupu, na wenzako watakuuliza sababu. Ukipanga treni mbili zikutane mahali pasipo na njia ya kupishana, reli nzima itasimama na watu watanyamaza wakikutazama.

Kwetu, mikono ya kufanya kazi kama hii haijawahi kupungua. Watoto wa Chikongola na Magomeni wanatengeneza magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele, na magurudumu yenyewe wanayakata kwenye malapa yaliyochakaa. Wachongaji wa Kimakonde, kwa tezo na patasi, hutoa kwenye gogo moja la mpingo nguzo nzima ya watu waliobebana, kila mmoja na sura yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kushindwa kuchonga mlango wa behewa. Lakini sisi tumeweka mpaka: mchongaji anachonga cha kuuza, mtoto anatengeneza cha kucheza, na mtu mzima anayetengeneza cha kucheza anaonekana amekosa kazi au amepungukiwa na jambo kichwani. Huku mpaka huo haupo, na nadiriki kusema kwamba kutokuwepo kwake ni utajiri kuliko euro mia kadhaa anazolipa mtu kununua kichwa kimoja cha treni kilicho tayari.

Nilipomwonyesha mjomba wangu, mzee wa Mikindani, picha ya kipande nilichokuwa nikikijenga, alikitazama kwa utulivu na kuuliza, "Mjomba, sasa hilo treni linabeba nini?" Wapwa zangu waliokuwa wamekaa naye walicheka, wakidhani mzee ananikejeli. Mimi sikucheka, kwa kuwa hilo ndilo swali lililoandikwa kwenye kila kadi ya behewa, na ndilo swali ambalo reli yetu ya Kusini ilishindwa kulijibu.

Wengi waliozaliwa baada ya uhuru hawajui kwamba Kusini ilikuwa na reli yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli yenye upana wa mita moja, kwanza kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na baadaye kutoka Mtwara, ambako bandari ya maji marefu ilijengwa kwa matumaini hayohayo ya karanga. Mashine hazikufaa kwa ardhi ile, mvua hazikufuata mahesabu ya ofisini, na mwaka 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Reli ilibaki na bandari lakini bila shehena ambayo ilijengewa. Ilijitahidi kwa mazao yaliyokuwapo, yasiyotosha kulipa gharama zake, na mwaka 1962 ikafungwa, kisha ikang'olewa. Tulibaki na vipande vya tuta porini, simulizi za wazee, na jina la kata.

Mambo haya yamo vitabuni, lakini kitabu humwambia msomaji kwamba shehena haikutosha na kuishia hapo. Meza ingemfanya aione. Mwananchi akipewa kadi za mabehewa ya njia ya Nachingwea, akaambiwa apange ratiba ya wiki moja ya korosho, mkonge na mbao, huku mabehewa yaliyonunuliwa kwa ajili ya karanga yakisimama matupu kwenye njia za pembeni na kuzuia mengine yasipite, ataelewa katika saa moja kile ambacho hotuba nyingi hazitamwelewesha. Tena ataelewa kwa hasira kidogo, na hasira ya namna hiyo ina faida.

Nasema hivyo kwa sababu ya yale niliyoyaona huku. Serikali ya jimbo na shirika la reli walipoamua kuibomoa stesheni ya juu ya Stuttgart yenye njia 16 na kujenga ya chini ya ardhi yenye njia nane, wananchi hawakubishana juu ya miti na gharama peke yake. Mwaka 2010, katika mazungumzo ya usuluhishi yaliyorushwa moja kwa moja kwenye televisheni, walibishana juu ya ratiba: treni ngapi zinaweza kuingia katika saa moja ya asubuhi, na moja ikichelewa nini kitazipata zilizo nyuma yake. Ujenzi uliendelea, lakini hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hayo ni mambo ya wataalamu wasiyoyaweza. Sisi kwa upande wetu tunazungumziwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na tunaipokea kama habari ya mvua: itanyesha au haitanyesha. Sijasikia kijiweni mtu akiuliza treni itakayoshusha makaa bandarini itarudi Ziwa Nyasa imebeba nini.

Nisieleweke kwamba nawasifia Wajerumani kwa kila jambo. Klabu zao zimejaa wazee, na vijana wanaoingia ni wachache kiasi kwamba kila mwanachama anapofariki kunazuka suala la nani atayachukua masanduku yake. Wengi hujifungia chini ya nyumba zao miezi mizima bila mtu kuwatazama, na kitu nilichoona kinanikera zaidi ni ile kamba ya kwenye maonyesho, yenye kibao cha kumtaka mtoto asiguse. Isitoshe, kuna watu wanaonunua kila kitu kikiwa tayari kwenye boksi, hata miti na kuku, na kisha kujiita wajenzi. Nikiri pia kwamba Lindi wanaijua kwa mifupa tu, ile ya mijusi mikubwa ya Tendaguru iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi pwani. Ninapowaambia kwamba Lindi ilikuwa na reli, hushangaa kidogo, kisha huuliza upana wake. Swali la upana, lakini, ni swali zuri.

Upana huo ni bahati yetu. Reli ya mita moja ikipunguzwa kwa 1:87 inakaribia milimita 12, na reli za mfano za upana huo zinauzwa Ulaya kwa ajili ya wapenzi wa treni za milimani za Uswisi. Reli na injini ndogo za umeme ndivyo vitu pekee ambavyo tungelazimika kuagiza. Umeme wake ni wa volti 12, kwa hiyo betri ya sola au ya gari inatosha, na umeme wa gridi ukikatika treni yetu haitajua. Mabehewa yachongwe au yakatwe kwenye bati na fundi wa hapohapo. Mkorosho, ambao matawi yake yameinama hadi karibu na ardhi, sijaona kiwanda cha Ulaya kinachoutengeneza, ila makonyo yake yaliyokauka, yakipakwa gundi na kunyunyiziwa vumbi la mbao lililotiwa rangi, yanatoa mti unaotambulika. Kwa kokoto za kwenye mataruma mchanga wa pwani unafaa, mradi uoshwe chumvi na kupitishwa sumaku, maana chembe za chuma zilizomo huvutwa na injini na kuiua. Adui wa kweli atakuwa hewa ya bahari, ambayo hula reli na kuvimbisha mbao, hivyo wa Shangani atapiga msasa na vanishi mara nyingi kuliko wa Masasi.

Najua atatokea mtu wa kuuliza kwa nini tucheze na treni wakati zahanati hazina dawa. Swali hilo halimfikii kijana anayetumia jioni zake zote kubishana juu ya Simba na Yanga, na sioni sababu limfikie anayetengeneza daraja. Kamba nayo tusiiweke. Kwetu mtu hatazami kitu akiwa amefunga mikono. Atakigusa, atauliza bei, atampa mwenye kazi ushauri ambao hakuombwa, na pengine atajua zaidi kuliko mwenye kazi. Maonyesho ya Nane Nane ya viwanja vya Ngongo, Lindi, yanakusanya wakulima, watoto wa shule na viongozi wa mikoa yetu mahali pamoja, na njia ya Mkwaya kwenda Nachingwea ilikuwa njia ya mazao, kwa hiyo ina haki ya kupewa hema pale kama trekta na mbegu. Kadi za mabehewa wapewe wakulima wenyewe wazijaze. Mkulima wa korosho anajua kuliko sisi mzigo wake unatoka mwezi gani na ghala gani, na miezi ambayo hauna pa kutoka.

Kipande cha Mkwaya nimekianza mimi, pamoja na gati lake. Bandari ya Mtwara na stesheni ya Nachingwea bado hazina wajenzi, na yeyote mwenye mbao nyembamba, msumeno na nafasi ya mita moja barazani anaweza kuchukua mojawapo. Ncha zote zikatwe kwa upana wa sentimita 40, na katikati ya reli iwe sentimita 20 kutoka ukingoni, ili tukikutana zifungane. Mwenye picha ya familia inayoonyesha jengo la stesheni, hata kama aliyepigwa picha amesimama mbele na kulificha nusu, naomba asiitupe.