Homa ya Siku ya Tano

Mtoto ana homa, kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, anapewa antibayotiki. Homa haishuki, anabadilishiwa nyingine. Ikifika siku ya tano macho yamekuwa mekundu bila tongotongo, midomo imepasuka, ulimi umeiva kwa wekundu, viganja vimevimba, na jirani anasema hiyo ni surua. Naamini hapo ndipo tunapochelewa.

Dalili hizo zikiungana, daktari anapaswa kuufikiria ugonjwa wa Kawasaki. Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Tokyo, aliueleza mwaka 1967 baada ya kuwaona watoto 50. Kuta za mishipa ya damu huvimba, hasa ateri zinazoulisha moyo. Wengi wanaougua hawajafikisha miaka mitano.

Chanzo chake hakijathibitishwa, lakini mimi nawaamini wanaosema maambukizi ndiyo huuwasha. Japani ilipata milipuko mwaka 1979, 1982 na 1986, na ugonjwa usiohusiana na maambukizi ni nadra kuja kwa mawimbi hivyo. Mwaka 2020, watu walipovaa barakoa na kupunguza kukutana, wagonjwa wa Kawasaki nchini humo walipungua. Mwaka huohuo, Bergamo nchini Italia na kisha London, madaktari walipokea watoto wenye dalili zinazofanana na za Kawasaki, wiki kadhaa baada ya UVIKO-19 kupita. Kwa wengi wao kirusi kilikuwa kimeshaondoka; kinga ya mwili ndiyo iliyokuwa ikiendelea kupiga, na safari hii iliupiga mwili wenyewe.

Ndiyo maana kuongeza antibayotiki hakusaidii. Kinachosaidia ni dripu ya kingamwili zinazotokana na damu ya wachangiaji wengi, pamoja na aspirini, ndani ya siku 10 za kwanza za homa. (Aspirini mtoto asipewe nyumbani bila agizo la daktari.) Bila tiba, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huharibika ateri za moyo. Akitibiwa mapema, hatari hiyo hushuka hadi karibu mmoja kati ya 20.

Dripu hiyo ni ghali, na hilo linaniuma. Lakini kuhesabu siku za homa hakuna gharama. Kwenye ngozi nyeusi vipele vya ugonjwa huu havionekani kwa urahisi, kwa hiyo tazameni macho, midomo, viganja na nyayo. Mzazi, andika tarehe homa ilipoanza, na ikifika siku ya tano uliza waziwazi: "Daktari, mmeshafikiria Kawasaki? Moyo wake umepimwa?"