Anayebaki jukwaani si mjinga

Kila timu kubwa inapoburuza mkia, ugomvi ni uleule. Mmoja anasema usiende uwanjani, usinunue jezi, waache viongozi waone viti vitupu. Mwingine anasema nitaenda hata tukifungwa sita. Huyu wa pili ndiye anayechekwa. Anaitwa mtumwa wa nembo, mtu anayelipia mateso yake mwenyewe huku akiwanenepesha walioiharibu timu.

Hoja ya wanaosusa ina uzito, wala haitoki hewani. Februari 2016, maelfu ya mashabiki wa Liverpool walitoka uwanjani dakika ya 77 kupinga tiketi ya pauni 77. Timu ilikuwa mbele 2-0 dhidi ya Sunderland. Mechi iliisha 2-2, na siku chache baadaye wamiliki wakarudi nyuma na kuomba radhi. Blackpool walikwenda mbali zaidi: mashabiki wengi walikaa nje ya uwanja wao kwa miaka kadhaa, hadi familia iliyomiliki klabu ilipoondolewa mwaka 2019. Siku waliyorejea, zaidi ya watu 15,000 walijaa kutazama timu ya daraja la tatu.

Ila tazama walikuwa wanagombana na nani. Liverpool ilikuwa bei. Blackpool ilikuwa fedha za klabu, na mahakama ndiyo iliyomaliza kazi, katika kesi iliyofunguliwa na mwanahisa mwenza wa familia hiyo. Hakuna aliyesusa kwa sababu beki wa kati anapitwa kama mlango wazi. Kumwadhibu mwizi ni jambo moja, kumwadhibu kinda aliyekosa penalti ni jingine, na wanaohubiri kususa kila timu inapofungwa mechi nne mfululizo huyachanganya hayo mawili, nadhani kwa makusudi.

Mimi hurudi kila mara kwa Derby County, klabu iliyokuwa Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2007/08. Pointi 11 katika mechi 38. Ushindi mmoja tu, dhidi ya Newcastle mwezi Septemba, kisha mechi 32 za ligi bila kushinda tena. Walishuka daraja Machi 29, msimu wenyewe ukiwa haujaisha. Zikabaki mechi tatu za nyumbani zisizo na maana yoyote: 6-0 kwa Aston Villa, 6-2 kwa Arsenal, 4-0 kwa Reading. Mabao 16 waliyofungwa kwenye nyasi zao wenyewe, na hukumu imeshasomwa. Wastani wa mahudhurio nyumbani msimu ule? Zaidi ya 32,000, katika uwanja wa watu wasiozidi 34,000.

Mpinzani makini atanikatiza hapa, na ana haki. Tiketi za msimu zililipwa kiangazi, timu ikiwa imetoka kupanda daraja na kila mtu ana matumaini. Tena Uingereza klabu huhesabu tiketi zilizouzwa, si makalio yaliyokaa. Huenda maelfu walibaki nyumbani wakisinzia. Sawa, nakubali, toa hata elfu kadhaa. Lakini kiangazi kilichofuata hakukuwa na matumaini ya kumlaghai mtu. Walioombwa kulipa upya walikuwa wamekwisha kuyaona yote, na sasa walikuwa wanauziwa daraja la pili. Wastani wa msimu huo mpya ulipita 29,000.

Hiyo ndiyo namba ninayotaka anayecheka aifikirie. Watu hao hawakuwa wanampongeza mwenyekiti. Waliketi na watu walewale wa kiti cha kushoto na kulia waliokaa nao wakati wa kupanda, na kulifikiria jukwaa hilo kama duka, ambamo bidhaa mbovu unairudisha, ni kutowaelewa tangu mwanzo. Mwenyekiti hupita, kocha hupita (Derby walikuwa na makocha wawili msimu ule mmoja), wachezaji ndio kabisa. Shabiki lialia ndiye pekee asiye na mkataba wa kuvunja.

Na kuwapo kwake si mapambo. Msimu wa 2020/21, viwanja vya Ligi Kuu ya Uingereza vikiwa vitupu karibu muda wote kwa sababu ya korona, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Kabla ya hapo haikuwahi kutokea wageni kuwapita wenyeji. Anayesema kelele zako hazibadilishi kitu aanze kuzielezea mechi hizo.

Kuzomea je? Zomea, kipenga cha mwisho kikishalia. Wakati mpira unachezwa naona ni kumsaidia mpinzani, ingawa najua wapo wanaopenda timu kuliko mimi na hawawezi kujizuia.

Wale 29,000 wa Derby, kwa njia, walingoja hadi Septemba 2008 kuona ushindi wa ligi, karibu mwaka mzima tangu ule wa Newcastle. Timu ikamaliza nafasi ya 18.