Kabla hujaikata springi, angalia mpira wake kwanza

Juzi dogo mmoja kaniletea gari yake nimuangalizie, analalamika kila akipita tuta nyuma inagonga. Gari imekaa chini vizuri, ukiiona kwa mbali unaipenda. Nikapiga jeki, tairi ikaning'inia, nikaingiza mkono kushika springi na ikazunguka. Kwa vidole viwili tu! Ncha ya juu imekatwa na grinda, chuma kimegeuka bluu pale moto ulipopita, na mpira unaokaa juu yake umelika mpaka unga mweusi umejaa kwenye kikombe, yaani pale springi inapokalia. Tairi nayo upande wa ndani nyuzi ziko nje, wakati ukiitazama kwa nje bado ina kashata kabisa. Na kwenye gari hiyo anabeba watoto.

Ndugu zangu, mimi napenda gari iliyoshushwa, nimeshashusha zangu na nitashusha nyingine. Ila kukata springi siwezi kukaa kimya.

Wanaotetea wanasema ukikata springi inakuwa ngumu, kwa hiyo gari inatulia. Haya, hilo ni kweli, nawapa. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukiondoa mmoja na nusu ugumu unapanda kama asilimia 23. Lakini urefu uliopoteza ni mwingi kuliko ugumu uliopata, kwa hiyo nafasi ya shokapu kushuka imekwisha, kila tuta unakaa kwenye stopa, ile raba ya mwisho wa mwendo, na body ndo inapokea. Halafu tairi ikining'inia springi haifiki juu, inaachia kikombe chake, na ikirudi inakaa popote inapotaka. Ikitokea hivyo katikati ya kona kwa spidi sijui utamlaumu nani. Springi ya kushushia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ni kitu kingine kabisa, ni fupi lakini ugumu wake umepangwa, mara nyingi kwa unene wa waya, na unene una nguvu ya ajabu, toka milimita 12 kwenda 13 tu, vingine vyote vikibaki vilevile, ugumu unapanda karibu asilimia 38. Ndo maana inaweza kuwa fupi na bado gari haigongi.

Sasa mpira. Hiki kitu watu wanakidharau mpaka inauma. Wenye Mercedes W124 wanajua, mipira ya springi za mbele inakuja na vinundu pembeni, kinundu 1 unene milimita 8, viwili 13, vitatu 18, vinne 23. Kama yako ina vinne ukaweka ya kimoja umetoa milimita 15, na gari inashuka zaidi ya hizo 15, maana springi imekaa katikati ya amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, na tairi iko mwisho wake. Hujakata kitu wala kuchoma kitu, na ukichoka unarudisha kama ilivyokuwa. Upande mmoja ukiwa juu kidogo kuliko mwingine unasawazisha kwa mpira huohuo. Najua kwa anayetaka kushuka sana mpira peke yake hautoshi, basi nunua springi fupi halafu mpira utumie kumalizia milimita za mwisho, huo ndo mpango wenyewe.

Na tafadhali, bolti za bushi, ile mipira ya kwenye maungio ya amu, zikazwe mwisho gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake. Fundi mmoja aliwahi kunikazia yangu ikiwa bado juu ya jeki, nikamuuliza akasema haina shida, gari ikakaa juu kidole kizima kuliko tulivyopima na bushi hazikumaliza mwaka, zilichanika zote kwa sababu mpira wake ulikuwa umejikunja muda wote. Hasira yake ninayo mpaka leo.

Alaimenti ni lazima, usibishane. Taa za mbele zirekebishwe pia. Kama breki za nyuma zina ile valvu inayosoma mzigo kwa kufuata ekseli, nayo iangaliwe, maana ukishusha gari valvu inadhani umebeba. Na ukitoa springi tumia kikandamizi kizima, ile kitu ikiruka inaua mtu.

Dogo nimemwambia gari haitoki hapa. Hakubisha, alishika ile ncha iliyokatwa akanyamaza muda mrefu. Tumepima toka katikati ya rimu mpaka ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, tumeandika kwa chaki ukutani. Springi fupi tumeshaagiza, zikifika tunafunga na mpira wa katikati, tunaizungusha kidogo ikae, tunapima tena, ndo tutajua tupande kinundu au tushuke.