Risiti Nyeusi ya Mabatini

Nani alinituma kuwa msimamizi wa nyumba ya marehemu baba? Vyumba sita kule juu ya mawe ya Mabatini, Mwanza, wapangaji sita, na choo kimoja kinachoziba kila Jumapili kama kina ratiba. Ndugu zangu kodi wanaipenda. Matengenezo ndiyo hawayaamini.

Dada mkubwa, yuko Dar, kaandika kwenye grupu la familia: "Kuanzia leo kila risiti piga picha, weka jina na tarehe, tuma." Sawa dada, shikamoo. Nikashusha ndoo ya rangi ninamozitunza. Humo mna za mabati, za koki, na moja mama watoto aliifungia dagaa. Nusu ya ndoo ni nyeupe pee, kana kwamba sijawahi kununua hata msumari.

Mpwa wangu akanielimisha: "Mjomba, hizi hazina wino. Mashine inachoma karatasi kwa joto ndipo maandishi yanatokea. Zikikaa juani au zikigusa mafuta, yanafifia." Sasa sheria ya kodi inataka kumbukumbu zikae miaka 5, na karatasi yenyewe haimalizi mwaka!

Nikawaza: kama maandishi yanaletwa na joto, joto si ninalo? Nikachukua pasi. Risiti ya sementi, mifuko minne, nikainyoosha vizuri kama shati la harusi. Ikawa nyeusi tii, utadhani tako la sufuria ya makande.

Nikaipiga picha hivyohivyo, nikaiita "Sementi mifuko 4, Machi", nikatuma.

Dada: "Hii nini?"

"Sementi."

"Mbona naona giza?"

Kaka wa Geita, ambaye hajachangia hata ndoo ya mchanga, naye akaamka: "Na elfu nane ya kubebesha, risiti iko wapi?"

Jamani! Gari haifiki pale. Mfuko wa kilo 50 unapanda kichwani, jiwe hadi jiwe, buku mbili kila mfuko. Afadhali fundi wa choo, aliniandikia kwenye kipande cha mfuko wa sementi: "Nimepokea hela ya choo." Kiasi hakuandika.

Jana nikapanda hadi kwa yule kijana mbebaji, nimemkuta kajilaza juu ya jiwe. "Mdogo wangu, naomba unisainie ile elfu nane."

Akanikagua kuanzia kandambili hadi kofia. "Kuandika ni buku nyingine, mzee."

Nikampa. Sasa hiyo buku nayo inataka risiti.